Albamu Iliyofukuza Ndege wa Mtama

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke Eliakim Barasa, mpiga piano wa Bokoli. Eliakim ametuacha. Alizikwa Jumamosi.

Alirekodi albamu moja tu. Moja. Aliirekodi Kitale, yeye kwenye piano, rafiki yake Shafi wa Bungoma mjini kwenye saksafoni. Ni jazi yenye pembe kali. Piano inajikwaa makusudi, saksafoni inaibishia, sauti zinagombana mpaka meno yanauma. Halafu zote zinanyamaza pamoja, na unajikuta umezuia pumzi. Wengi hawakufika hapo. Kwenye uzinduzi, baada ya wimbo wa pili, ukumbi ulibaki viti vitupu.

Mwaka huu mapafu yalimlaza nyumbani. Mkewe, Jentrix, alimuuguza. Ng'ambo ya ua, ndege walikuwa wanamaliza mtama wa kaka yake Eliakim, Mukhwana. Mukhwana akafunga spika mtini, akaweka albamu ya mdogo wake.

"Shemeji, hiyo ni kazi ya ndugu yako," Jentrix alimwambia.

"Si sasa imepata kazi? Ati watu walikataa, lakini ndege wameelewa, bana! Hakuna hata mmoja anatua."

Majirani wakacheka. Jentrix akashika panga aende kukata waya.

"Mama Beth, wacha," Eliakim akaita kutoka kitandani. "Wacha icheze. Haijawahi kufika mwisho mbele ya watu."

Jentrix akaweka panga chini. Akasogeza kitanda dirishani, akamwekea mto mgongoni. Shafi alikuja na maziwa, akavua viatu, akakaa. Kila asubuhi walisikiliza, vidole vya Eliakim vikicheza juu ya blanketi.

Kisha mtama ukavunwa. Mukhwana akateremsha spika. Jentrix alivuka ua, akapiga magoti.

"Shemeji, iache siku chache tu."

"Ndege wako wapi?" Mukhwana akajibu, akikunja waya.

Shafi alijaribu kuicheza kwa simu. Eliakim akatikisa kichwa. "Hapo tunasikia sisi tu."

Alikufa wiki hiyo, akiuliza kama wimbo wa mwisho umeanza huko nje. Nje kulikuwa kimya.

"Umeanza, Baba Beth," Jentrix akamwambia. "Wamekaa. Wanasikiliza."

Pole sana Jentrix, na binti yenu Beth. Pole Shafi. Mukhwana, tumesikia umevuna vizuri.

Wapendwa, kila mmoja afikirie ni nani amemcheka hivyo nyumbani kwake. Sasa tunaiweka albamu yake, yote. Ikikuudhi, kaa tu. Wengine walizima.