Muda wa Kuufuata Mpira: Historia ya Mwalimu Benadetha Damiani

Baba Paroko, Shehe wetu, viongozi wa kijiji cha Pande, walimu, wachezaji, na ninyi nyote mliokuja leo Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024, huku msimu wa korosho ukiwa mlangoni, familia inawapokea na inawashukuru. Historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, Mwalimu Fidelis Andrea Chitanda, na inasomwa na mdogo wake marehemu, Valerian Damiani, kwa sababu mwenye kuiandika alijipima akaona hataweza kuifikisha mwisho.

Marehemu Benadetha Damiani Nambunga alizaliwa tarehe 4 Machi 1978 katika kijiji cha Milola, wilaya ya Lindi, akiwa mtoto wa tatu wa hayati mzee Damiani Nambunga, aliyeteremka kutoka uwanda wa juu wa Wamakonde kutafuta ardhi ya mikorosho, na mama Salome, ambaye yupo nasi hapa. Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari mjini Lindi hadi 1996, kisha, baada ya kumsaidia mama yake shambani kwa miaka miwili, akajiunga na chuo cha ualimu mkoani Mtwara, alikohitimu mwaka 2000.

Aliajiriwa Januari 2001 katika shule ya msingi huko Kikole, akifundisha Kiswahili na michezo, na tarehe 5 Februari 2009 akahamia hapa Pande, ambako amekuwa mwalimu hadi mwisho wa maisha yake. Alifunga ndoa takatifu na Fidelis, mwalimu wa hisabati wa sekondari, Jumamosi ya tarehe 12 Julai 2003, na Mungu akawajalia watoto watatu, Angela mwaka 2005, Yohana, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2007 na kuishi siku tatu, na Andrea mwaka 2010. Mwaka 2012, dada yake Theresia alipofariki, alimchukua Devota, mtoto pekee wa dada huyo, aliyekuwa na umri wa miaka sita, akamlea pamoja na wanawe, na katika nyumba yake hakuna aliyewahi kusikia neno mpwa.

Mwaka 2016, alipoona mabinti wakimaliza darasa la saba na kubaki bila pa kwenda jioni, alianzisha timu ya mpira wa miguu ya wanawake, Nyota ya Pande, na wapo hapa wanaokumbuka kwamba mwanzoni watu walikwenda uwanjani kucheka. Kwa wageni ambao hawajauona uwanja wetu, inafaa kueleza kwamba magoli yake hayana nyavu, na nyuma ya goli la kusini ardhi inateremka moja kwa moja hadi kwenye mikorosho, hivyo mpira ukiingia golini hauishii hapo, unakwenda chini, na desturi ya timu, aliyoiweka marehemu mwenyewe, ni kwamba kipa aliyefungwa huufuata kwa miguu yake.

Mwaka huu timu ilikuwa katika hali mbaya. Ligi ya wanawake wanayoshiriki ina timu sita, anayeshika mkia hutoka, na hakuna ligi ya chini yake ya kumpokea, maana yake ni kwamba kutoka ni kufa. Hadi tarehe 15 Juni Nyota ilikuwa imecheza mechi nane na kushinda moja tu, na siku hiyohiyo kipa wao Adija, aliyesimama golini kwa miaka mitano, aliteguka bega na kuvunjika mkono, zikiwa zimebaki mechi mbili, ya tarehe 10 na ya tarehe 31 Agosti. Walibaki makipa wawili wa akiba, ambao hakuna kati yao aliyewahi kuanza mechi hata moja. Mmoja alikuwa Devota, mrefu, mwenye mikono mikubwa na macho mazuri. Mwingine alikuwa Ziada, binti wa wakulima wa hapa Pande, mfupi, mwenye maneno mengi, ambaye mara moja tu alikuwa ameingizwa kipindi cha pili, akafungwa matano.

Marehemu alimwomba mumewe amsaidie kuamua. Fidelis alikaa pembeni mwa uwanja jioni nne, akahesabu mashuti sitini kwa kila binti, akapata kwamba Devota ameokoa thelathini na saba na Ziada ishirini na manne, akaandika vizuri kwenye daftari na kumpa mkewe ukurasa. Aliusoma mara mbili, akamrudishia, akasema, "Asante, Baba Angela. Sasa kesho hesabu kitu kingine, hesabu muda wa kuufuata mpira." Fidelis aliliona ombi hilo halina maana, lakini alikwenda na saa yake. Devota akifungwa aliteremka mikoroshoni, akaupata mpira, akasimama nyuma ya mti ameukumbatia, na kwa wastani alirudi baada ya dakika moja na sekunde hamsini, akiwa ameinamisha kichwa. Ziada alirudi kwa sekunde ishirini na nne, na kabla kichwa chake hakijaonekana sauti yake ilikuwa imeshawafikia wenzake, "We Mwanahamisi, umelala? Nimekuachia mtu mmoja tu, mmoja! Haya, kila mtu na wake, tunaanza!"

Hapa lipo kosa la mumewe, ambalo ameomba lisomwe kama lilivyo. Kabla mkewe hajaamua, alimwambia Devota mezani kwamba namba zake ndizo kubwa, akimaanisha mashuti, na hakumwambia habari ya ile hesabu ya pili. Tarehe 10 Agosti marehemu alimpanga Ziada, na Nyota ikafungwa matatu bila, hapahapa nyumbani. Watazamaji hawakumwonea huruma, kila alipoteremka walimpigia kelele, "Mpeni kikapu huyo, aokote na korosho kabisa, si yuko njiani!" naye, kwa kumbukumbu ya wengi mliokuwepo, aliwajibu, "Zikiiva nitawaletea, tulieni!"

Kesho yake baada ya misa, mwenyekiti wa timu, Bwana Nurdin, alikuja nyumbani, akakaribishwa barazani, na kwa heshima zote akasema lililomleta. "Mwalimu, mtoto unaye ndani, mrefu, anadaka, wewe unamng'ang'ania yule mfupi wa nini? Watu wanasema unaogopa kuonekana unapendelea." Marehemu alicheka kidogo, akamjibu, "Ningekuwa naogopa watu, Mwenyekiti, ningempanga Devota nikalala usingizi wangu. Sisi tumefungwa mwaka mzima, na tarehe thelathini na moja tutafungwa tena, hilo nalijua kama ninavyokuona. Natafuta mtu ambaye tukifungwa hatatupotea." Bwana Nurdin alisema, "Na timu ikifa?" Akajibu, "Ikifa, andika kwamba niliiua mimi."

Devota alikuwa jikoni na aliyasikia yote. Jioni ile alifungasha begi, akamwambia Fidelis mlangoni, "Baba mdogo, si uliniambia namba zangu ndizo kubwa?" Asubuhi binti alipanda gari kwenda kwa bibi yake Milola, na hakupokea simu ya mama yake mdogo kwa siku kumi na tatu.

Jambo ambalo Devota hakulijua, wala Bwana Nurdin, wala yeyote ila mume, ni kwamba marehemu alikuwa akiumwa tumbo na mgongo tangu Mei, na tarehe 2 Julai madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya kongosho, tena imekwishasambaa. Aliomba lisisemwe hadi ligi iishe. Fidelis alitii, lakini alipoona mkewe hawezi tena kutembea hadi uwanjani, tarehe 24 Agosti alimpigia simu mama Salome, na kesho yake Devota alikuwa amerudi, amekaa kwenye mkeka pembeni mwa kitanda. Marehemu ndiye aliyeanza. Alimwambia, "Mwanangu, sijakuona hufai. Kudaka unadaka kuliko wote, Adija mwenyewe anajua. Nimekuona unakaa sana kule chini, na mimi kule chini nakujua." Akamweleza habari za mwaka 2007, jinsi baada ya kumzika Yohana alivyofunga mlango miezi minane, asifundishe, asipokee salamu, huku Angela wa miaka miwili akilelewa na majirani wa Kikole, na kwamba hakumlilia Yohana zaidi ya mama wengine waliofiwa, ila hakuna aliyekuwa amemfundisha kurudi. Devota aliuliza, "Ulirudije?" Marehemu akasema, "Nilichelewa. Ndiyo maana nahesabu."

Tarehe 28 Agosti alihamishiwa hospitali mjini Lindi, na siku ya mechi, Jumamosi tarehe 31, alikuwa kitandani na simu ya mumewe sikioni, Bwana Nurdin akiwa upande wa pili, hapa kwenye uwanja wetu. Nyota ilihitaji sare tu ibaki. Aliyeanza golini ni Ziada. Dakika ya kumi na moja Bwana Nurdin alisema kwa sauti ya msibani, "Tumefungwa, Mwalimu." Marehemu hakuuliza limeingiaje, aliuliza, "Mpira uko wapi?" Bwana Nurdin akasema, "Mpira? Mpira umeshafika kati. Devota alikuwa huko chini tangu mechi inaanza, kaudaka kwenye mikorosho kaurusha juu, Ziada hata hakutembea, wako wawili wanapiga kelele sasa hivi, husikii?" Marehemu alisikia. Alimrudishia mumewe simu, akageukia ukutani.

Mwanahamisi alisawazisha dakika ya sabini na nne, na Ziada akaokoa mara mbili, ya pili kwa uso. Ilikuwa sare ya moja kwa moja, na Nyota ya Pande imebaki katika ligi. Daftari la mechi siku hiyo lilikuwa mikononi mwa Devota, na ndani yake, kwa mwandiko wake, kuna mstari unaosema, "Dakika ya 11, goli. Mpira umerudi kwa sekunde tisa." Marehemu aliomba ukurasa huo uwekwe chini ya mto wake, na unazikwa naye leo.

Aliendelea kudhoofika, na Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, saa nane na dakika arobaini mchana, alifariki dunia, mumewe na watoto wake watatu wa nyumbani, Angela, Andrea na Devota, wakiwa wamemzunguka. Ameacha mama, mume, watoto hao na wadogo zake wawili, na wachezaji ishirini na wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumficha jambo, majirani wa Pande na ndugu wa Kikole na Milola, kinamama wa msikitini waliochukua jiko tangu juzi bila kuombwa, Baba Paroko na Shehe kwa kukaa mkeka mmoja na wafiwa, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake tangu Julai bila kuuliza sababu, Bwana Nurdin, ambaye jana mwenyewe alikwenda kufyeka uwanja, Adija aliyebeba maji kwa mkono mmoja, na Ziada, ambaye kwa siku tatu hizi ndiye amekuwa akiwaambia waombolezaji wakae wapi.

Wengi mmemwuliza Fidelis kwa wema kama yuko sawa, na lini atarejea darasani. Yeye ni mtu wa hesabu na asingependa kuwapa namba asiyoijua. Ameomba mwambiwe kwamba ameteremka mikoroshoni, ameupata mpira, na bado amesimama nyuma ya mti. Itamchukua zaidi ya sekunde ishirini na nne. Miezi minane haitafika, kwa sababu jana alasiri Devota alimfuata nyuma ya nyumba, akamwambia, "Baba mdogo, watu wanakusubiri," na akasimama naye mpaka alipotoka.

Mwalimu Benadetha, Mama Angela, huku tutaanza tena kutoka kati. Wewe pumzika kwa amani.