Mtangazaji wa Vifo Aliyemwachia Huru Msusi

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi mliomjua kwenye luninga tu, karibuni na mketi. Familia imeomba historia ya baba yetu isomwe kama ilivyokuwa, bila kupakwa sukari, kwa kuwa yeye mwenyewe alisoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka ishirini na sita, na nyumbani alikuwa akisema kwamba katika miaka yote hiyo hajapata kukutana na maiti aliyekuwa mvivu, mlevi wala mchoyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka mwisho, akiwa mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa fundi wa mabehewa na mkewe mshonaji, na inasemekana alilia kwa sauti nzito hivi kwamba mkunga alimgeuza mara mbili kuhakikisha kuwa ni mtoto mchanga kweli. Shangazi zetu, ambao wapo hapa, wanaapa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na sisi tumewaachia, maana shangazi habishiwi msibani.

Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kumaliza sekondari Novemba 1967, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na walimu wake walikumbuka jambo moja tu, kwamba akisimama kusoma kwa sauti, darasa la jirani nalo lilinyamaza.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa redioni, na baada ya majaribio ya wiki moja kwenye kipindi cha salamu, ambako aliwatisha wasikilizaji, akahamishiwa matangazo ya vifo. Kazi ile aliifanya kwa namna yake, kwani kabla ya kuingia studio alikwenda mapokezi, walikoketi wafiwa na karatasi zao, akawaomba wamtamkie jina la mtu wao vile walivyokuwa wakimwita aje kula, na ndivyo alivyolisoma. Mama yetu, aliyekuwa nesi na aliyesikia redio hiyo wodini kila mchana, alisema alimpenda kabla ya kumwona, kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyetaja wafu bila kujifanya analia, wakafunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na kujaliwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wote hai.

Alistaafu tarehe 30 Juni 1995 akidhani amemaliza kusikika, mpaka mwaka 2004, watu wa luninga walipomfuata nyumbani wakitafuta mzee mwenye sauti ya kuwa jaji. Wengi wenu mnaikumbuka tamthilia ile, ambamo mwimbaji wa nyimbo za mapenzi alikutwa amenyongwa katika chumba chake cha kubadilishia nguo, umati ukiwa bado unamshangilia nje, na msusi wake, waliyegombana naye asubuhi hiyo mbele ya watu, akapandishwa kizimbani. Nchi nzima ilihukumu kabla ya jaji. Mama wa watu aliyeigiza msusi, ambaye hajawahi kuua hata panya, aliambiwa na muuza nyanya apeleke pesa zake kwingine, mwenye nyumba akamtaka ahame, bintiye akaimbiwa shuleni kwamba mama yake ni muuaji, na hata ukumbini mlimorekodiwa kesi ile, wale wanawake wa mtaani walioitwa kujaza viti hawakukubali kula naye, hivyo chakula chake cha mchana alikilia ndani ya gari la vifaa.

Mwandishi wa tamthilia alikuwa amepanga tangu mwanzo kwamba muuaji ni meneja wa mwimbaji, lakini wakubwa wa kituo walipoona jinsi watu walivyofurahia kumchukia msusi, wakaagiza apatikane na hatia, ahukumiwe kunyongwa, na hadithi iishie hapo. Yule mama alijua maana yake, kwamba hukumu ile ingemfuata sokoni na shuleni maisha yake yote, na alikwisha kuulizia nauli ya kuhamia kwa dada yake.

Baba hakuwa na habari ya agizo hilo. Alikuwa na kaida yake, ambayo mwongozaji aliiona ni kichaa cha uzee, ya kukataa kusoma kurasa zozote ambazo jaji hayumo, akisema kuwa jaji hawezi kujua yaliyotendeka nje ya mahakama, kwa hiyo ushahidi wote aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa amekaa kitini, kamera zikiwaka, akiandika kwa kalamu ya kweli. Siku ya hukumu, Alhamisi tarehe 12 Mei 2005, alipewa karatasi yake akiwa anapakwa poda, akaisoma, akaisoma tena, akamwita mwongozaji na kumuuliza ni shahidi gani aliyemwona huyu mwanamke akiua.

"Mzee, soma tu kilichoandikwa," mwongozaji alimwambia. "Ukumbi tunaurudisha kwa wenyewe kesho."

Akaingia, akaketi, akaikunja karatasi akaikalia. Wale waliokuwepo, na wengine wao wapo hapa leo, wanasimulia kwamba alianza taratibu, kama mtu anayesoma jina la marehemu, akapitia shahidi mmoja baada ya mwingine, akasema mlinzi aliona gauni na hakuona uso, akasema ugomvi si mauaji, la sivyo wenye ndoa wote wangekuwa gerezani, na mlango wa nyuma umetajwa na kila shahidi lakini hakuna aliyeulizwa ufunguo ulikuwa kwa nani. Mwongozaji, ambaye kazi yake ilikuwa kusema kata, alijikuta amevua kofia.

"Mshtakiwa," marehemu alisema, "mahakama hii haikuoni na hatia. Nenda nyumbani."

Yule mama, ambaye hakuandikiwa la kufanya baada ya hapo, akashika ukingo wa kizimba, na ukumbi mzima ukasimama bila kuamriwa na mtu.

Wakubwa wakapiga simu, wakaagiza irudiwe. Hapo ndipo wale wanawake wa mtaani walipochukua mikoba yao, na kiongozi wao, mama mmoja muuza mkaa, akamkabili mwongozaji na kumwambia, "Sisi hukumu tumeshaisikia, mwanangu. Mkitaka kumfunga, tafuteni watu ambao hawakuwepo." Wakaondoka, na kwa kuwa sura zao zilikuwa zimeonekana katika vipindi vyote vilivyotangulia, na ukumbi ulikuwa unarudishwa kesho yake, ikabidi kituo kionyeshe kilichokuwepo.

Ilirushwa Jumapili tarehe 5 Juni 2005. Mtaani kwetu watu walitoka nje wakasimama milangoni, kama baada ya tetemeko. Asubuhi yake muuza nyanya alimpimia yule mama, akamwongezea mbili, akasema, "Mimi nilijua tu," wakati hakujua chochote. Mwandishi akapata nafasi ya kuufungua ule mlango wa nyuma, meneja akakamatwa, na baba hakuitwa tena na kituo chochote. Badala yake watu walianza kuja getini na kesi zao za mipaka na mirathi, akawaambia yeye ni mwigizaji, wakajibu kwamba wanajua, wala hawana haraka, hatimaye mama akaweka benchi.

Aliugua moyo kuanzia Aprili 2019, akalazwa mara kadhaa, na akafariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nane mchana, akiwa ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walimvumilia mgonjwa aliyetaka kila dawa ijieleze, majirani mliopika na kulala nasi, wenzake wa redioni, na wale mama wa ukumbini, mliokuja leo kwa gari moja.

Shukrani ya mwisho ni kwa msusi, yule mama mwigizaji ambaye jina hilo halijamtoka hadi leo na yeye ameacha kulikataa, aliyemlisha marehemu uji kwa wiki zote za mwisho na leo ataandamana na watoto nyuma ya jeneza. Ametuambia kwamba siku moja, akimfuta mdomo, alipata ujasiri wa kumuuliza kama siku ile alimwachia kwa sababu ya ushahidi au alimwonea huruma tu, kwa kuwa alimwona akila peke yake garini.

"Ushahidi haukutosha, mwanangu," marehemu alimwambia. "Huruma ningekuonea hata kama ungekuwa umeua."

Baba, pumzika kwa amani.