Ruhusa ya Bi Bahiya

Assalamu alaykum, wasikilizaji wapendwa. Teremsha kidogo moto wa chungu, kaa kitako. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hamkumjua, lakini huenda kichwani mwako umevaa kazi ya mkono wake.

Tunamkumbuka Bi Bahiya, mshonaji wa kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono, mzaliwa wa Kiponda, Mji Mkongwe. Kafariki Jumanne iliyopita, alfajiri, nyumbani kwa ndugu yake Jang'ombe. Umri wake miaka sabini na nne. Mzaliwa wa Kiponda, kafia Jang'ombe. Yashike hayo mawili, maana habari yote imo humo.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya babu yake. Ghorofa tatu, mlango wa misumari ya shaba, na ukumbi wa mbele, daka, wenye baraza za mawe pande mbili. Baadaye ikawa nyumba ya serikali, na wenyewe wakageuka wapangaji. Ghorofa ziliingia watu wengine, wakatoka, zikabaki na popo. Bi Bahiya na mumewe, Bwana Mkadam, walikaa chumba cha chini kinachotazama uchochoro. Hawakujaaliwa watoto. Waliishi na sindano, bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia, na redio. Bi Bahiya alikuwa na ombi moja tu duniani, na kila aliyemjua kalisikia: jeneza lake litoke mlango ule ule lilipotokea la mama yake. Wengine huomba gari.

Mwaka 2015 akaja muekezaji. Kampuni yake ilitaka kuitengeneza nyumba iwe hoteli, na ofisi ya majumba ikampa mkataba wa kuikodi ardhi pamoja na jengo lililo juu yake. Lakini katika mkataba ule mtu mmoja mwenye imani aliandika kifungu cha tisa. Kifungu cha tisa kilisema hivi: mpangaji aliyemo hatotolewa maadamu yu hai. Na kikaendelea: kifungu hiki hakifutwi mpaka mpangaji aitwe, aulizwe kwa kinywa chake mwenyewe, asije mtu kumsemea. Akikataa, basi. Asipotokea, huhesabiwa karidhia.

Unaona namna gani walivyomlinda? Asije mtu kumsemea. Waliogopa ndugu wasije wakamuuza.

Bi Bahiya aliikunja nakala ya karatasi ile akaiweka katika kopo la sindano. Akimshonea mtu kofia humwonesha. "Kifungu cha tisa," humwambia, "ndiye mwanangu huyu."

Miaka mitatu muekezaji hakugonga hata msumari. Pesa hana. Akaenda benki, benki ikausoma mkataba mpaka ikafika kifungu cha tisa, ikamrudishia. Benki haikopeshi juu ya nyumba yenye mwanamke ndani asiyetoleka. Ikamwambia, kaubadilishe mkataba. Futa kifungu cha tisa. Tia kingine, kwamba ukishindwa kulipa nyumba ni yetu. Ukimaliza hayo, njoo uchukue mkopo wako.

Meneja wa kampuni alikuwa bwana mmoja akiitwa Ammar. Mpole, msikitini hakosi, sauti yake utadhani anakuamkia kila neno. Alikwenda kwa Bi Bahiya mara nne kumuomba aridhie, na mara nne alipewa chai akarudishwa. Mara ya tano hakwenda kuomba. Alikwenda kuzika, maana mwezi wa tatu mwaka 2018 Bwana Mkadam alifariki.

Siku ya hitma Ammar alikaa karibu na Bwana Darwesh. Darwesh ni mdogo wake Bi Bahiya, baba mmoja mama mmoja. Ni yeye aliyenihadithia haya juzi, sebuleni kwake Jang'ombe, mkewe akisikia. Ammar alitoa ubani, ule mchango wa msiba, akatia dua, kisha akauliza kwa upole, "Na eda ya dada inamalizika lini?"

Mtu akikuuliza hivyo kwetu humuulizi kwa nini. Ni heshima, anataka kujua lini aje kutoa pole. Darwesh akahesabu kwa vidole, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani, akamwambia: "Itamalizika Jumatatu, tarehe ishirini na tatu, mwezi wa saba." Ammar akashukuru.

Tangazo lilibandikwa mlangoni. Mpangaji aje mwenyewe ofisi ya majumba aulizwe juu ya kifungu cha tisa, siku ya Alhamisi, tarehe kumi na tisa. Siku nne kabla ya kumalizika eda. Wasikilizaji wapendwa, siku nne. Mtu kazipima kama fundi anayekukatia shingo ya kanzu.

Bi Bahiya hakuliona tangazo, maana alikuwa ndani, hana wanja, hana udi, hatoki. Darwesh alilibandua akaenda kumsomea. Alidhani dada yake atalia. Hakulia. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akamwambia:

"Nenda kwa Maalim Haroub. Mwambie nyumba yangu inachukuliwa. Mwulize, mjane atoke au asitoke? Atakalosema yeye ndilo ntakalofuata."

"Naam, dada," akasema Darwesh, akaenda.

Maalim Haroub, mwanachuoni waliyekuwa wakimuuliza mambo ya dini, alikuwa Mkunazini, kesha sali alasiri. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu, na Darwesh anayakumbuka maneno yale mpaka leo, harufi kwa harufi: "Aende. Atoke asubuhi, arudi kabla ya jua kuchwa. Ajisitiri, asijipambe. Nyumba ni dharura, na dharura ina ruhusa yake. Mwambie aende."

Jibu hilo. Kutoka Mkunazini mpaka Kiponda ni mwendo wa dakika kumi, na Darwesh alikuwa na kazi moja tu, kulibeba jibu.

Njiani alipita kwenye baraza ya kahawa. Wanaume walikuwa wakimsema mjane mwengine, aliyeonekana Darajani akinunua samaki kabla hajamaliza eda. Mmoja akasema, "Huyo hajesha kumlilia mumewe, kesha tafuta wa pili." Wakacheka. Darwesh alisimama akanywa kikombe kimoja. Anasema hakuwaza mengi. Aliwaza tu dada yake akipita pale Alhamisi asubuhi, na wale watu wakinyamaza mpaka apite.

Alipofika Kiponda, Bi Bahiya alimuuliza kupitia mlango uliokuwa nusu wazi, "Kasemaje?"

"Maalim kasema usitoke."

Nilimuuliza Bwana Darwesh, ulipewa nini na kampuni? Akaapa. "Sikupewa kitu, wallahi. Hata soda yao sikunywa. Mie nliogopa maneno ya watu." Nami namsadiki. Angalau angelipewa kitu tungelijua bei yake.

Alhamisi ile, ofisini, jina la Bi Bahiya liliitwa mara tatu. Ammar alikuwepo, kakaa na tasbihi. Karani akaandika: hakutokea, karidhia. Kifungu cha tisa kikafutwa, benki ikafurahi, na muekezaji akapata mkopo wake. Saa ile Bi Bahiya alikuwa chumbani anashona na redio yake wazi. Pengine akisikiliza kipindi hiki.

Akapewa mwezi mmoja ahame. Hamali alibeba vitu vyake kwa safari mbili, na safari ya pili ilikuwa nusu mzigo. Ammar alikuja kumuaga na zawadi, picha ya ile nyumba, kubwa, imetiwa fremu na kioo. Bi Bahiya aliipokea. Jang'ombe hakuitundika. Aliilaza kifudifudi juu ya meza, akawa anakatia bafta juu ya mgongo wake, miaka saba.

Mtauliza, na hoteli je? Hakuna hoteli. Miti ya mafundi ilisimamishwa miezi minane ikaangushwa. Inasemekana ule mkopo ulikwenda kujenga hoteli nyengine Mbweni, na ya Mbweni nayo imeishia kwenye msingi. Kampuni ikashindwa kulipa. Kile kifungu kipya kikafanya kazi yake, na benki ikachukua nyumba, ikatia kufuli, ikaweka mlinzi. Chumba cha Bi Bahiya hakijakaliwa na mtu hata siku moja tangu alipotoka. Pazia lake la kijani limo dirishani mpaka leo. Nimekwenda kuliona kwa macho yangu. Wamemfukuza mtu Kiponda ili wapate pahala pa kufungia kufuli.

Sasa sikilizeni.

Mwaka 2021 kulikuwa na maulidi Ng'ambo. Bi Bahiya alikaa na Bi Rukaiya, mke wa Maalim Haroub. Katikati ya mazungumzo, Bi Rukaiya akamuuliza bila ya ubaya wowote: "Bibi wee, siku ile ya ofisini mbona hukwenda? Na Maalim alikwambia wende."

Bi Bahiya alitia kashata mdomoni, akatafuna, akameza. Akasema, "Siku ile nlikuwa na homa."

Alirudi Jang'ombe, akala chakula cha usiku na ndugu yake, hakumwambia neno. Miaka minne hakumwambia. Asubuhi Darwesh humwamkia, "Shikamoo, dada," naye humwitikia, "Marahaba." Lakini ilizuka tabia moja, na nyumba nzima iliijua. Kila Darwesh alipomletea salamu au habari ya mtu, daktari kasema umeze kimoja, jirani kasema atapita kesho, Bi Bahiya alikuwa akiinua macho kwenye sindano na kumuuliza:

"Ndivyo alivyosema yeye, au ndivyo unavyosema wewe?"

Watoto walilifanya mchezo, wakiulizana wakacheka. Darwesh hakuwa akijibu. Alikuwa akitoka nje.

Wiki tatu kabla ya kufa, Bi Bahiya alimwita Ibtisam, binti yake Darwesh, akamuusia. Ibtisam aliyaandika katika simu yake, akanisomea: "Nkifa, jeneza langu likapitishwe Kiponda. Siombi tena kutokea mle, maana simo. Litiwe ndani ya daka tu, watu wanisomee Fatiha, kisha wanipeleke makaburini Mwanakwerekwe. Na mlangoni akaniombee ruhusa babako. Yeye ndiye mzoefu wa kuniombea ruhusa."

Ibtisam hakufahamu. Alipomsomea baba yake Jumanne asubuhi, mbele ya watu waliokuja msibani, Bwana Darwesh alikaa chini ukumbini, juu ya viatu vya wageni.

Lakini alikwenda. Hilo tumpe. Jeneza liliteremshwa garini, likaingizwa uchochoroni kwa mabega, watu wakasimama mbele ya ule mlango wa misumari. Mlinzi ni mtu mzima wa Tumbatu, jina lake Miraji. Darwesh alimsogelea, akamwelezea. Dakika tano tu, ndani ya daka, Fatiha moja.

Miraji akasema, "Mie sina ruhusa hiyo. Ngoja nkawapigie simu wenyewe."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Watu wakangoja na jeneza begani. Hawakusikia sauti ya mtu kuzungumza. Hazikupita dakika mbili, mlango ukafunguka kidogo.

"Wamekataa," akasema Miraji.

Bwana Darwesh anasema maneno yalimtoka, hakuyatafuta. Alimuuliza mlinzi: "Ndivyo walivyosema wao, au ndivyo unavyosema wewe?"

Miraji alitazama chini. Watu wakasoma Fatiha pale pale nje, wakageuza jeneza kwa tabu, maana uchochoro ni mwembamba, wakaondoka.

Nilimuuliza Bwana Darwesh, mlinzi alikujibu nini? Akasema, "Hakunijibu. Na mie sikumjibu dada hata siku moja."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki tunawapa pole Ibtisam na nduguze, Bi Rukaiya, na majirani wa Kiponda na Jang'ombe. Tunampa pole na Bwana Darwesh, aliyekubali haya yasemwe na jina lake litajwe. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Bahiya, ampe huko makaazi yasiyohitaji karatasi.

Na wewe unayenisikiliza, kama uliwahi kupewa jibu umpelekee mtu, ukafika nalo likiwa jengine, ondoka hapo ulipokaa umwendee. Bi Bahiya alingoja miaka minne aambiwe.