Historia ya Mzee Kutu, Aliyezeesha Kiwanda cha Mama

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenzake, nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa pekee, na mtaniwia radhi sauti ikikwama, kwa sababu karatasi hii tumeiandika tukiwa bado hatuamini kwamba ni yake.

Kaka yangu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1966, mtoto wa kwanza wa baba fundi seremala, aliyefariki sisi tungali wadogo, na wa mama aliyekuwa akishona midomo ya magunia katika kiwanda cha unga kando ya reli. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli hiyo, akamaliza sekondari mwaka 1984, kisha akajifunza ufundi wa meno ya bandia, kazi aliyoifanya tangu mwaka 1988 katika chumba cha ghorofani juu ya duka la viatu, na baadhi yenu mliopo hapa mnatafuna kwa kazi ya mikono yake. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Kiwanda kilifungwa, kikabomolewa, na mwaka 2019 Mama alihamia kwa kaka, akiwa amenyamaza, anajibu ndiyo na hapana tu na kuacha chakula nusu sahani. Kaka alikuwa na treni yake ndogo ya umeme katika chumba cha nyuma, ikizunguka meza tupu, basi akaamua kukijenga kile kiwanda kando ya reli zake, kuta za kadibodi ngumu, mabati ya paa ya karatasi aliyoikunja mkunjo kwa mkunjo, jukwaa la kupakilia mabehewa, na madirisha aliyoyachonga kwa kekee ile ile aliyochongea meno kazini. Alipomaliza alimwita Mama, naye akakitazama kwa muda, akasema, "Kizuri, mwanangu, lakini humu hakuna aliyewahi kufanya kazi." Hatukuwa tumemsikia akisema maneno mengi kiasi hicho mwaka mzima.

Kaka akaanza kukizeesha. Alipaka rangi ya kutu, akanyunyiza chumvi juu yake, akapaka rangi ya ukuta, na ilipokauka akaisugua ile chumvi ikadondoka, kutu ikachungulia kwenye matundu. Akasaga chaki nyeupe ikawa vumbi la unga kwenye vizingiti, akavuta michirizi myeusi chini ya mifereji kama mvua inavyofanya. Wifi alianza kuficha sufuria zake zisije nazo zikapakwa kutu, na mabinti wakamwita Mzee Kutu, jina lililomganda. Mama akawa anakaa naye na kumsahihisha, "Hapo pasafi mno," au "Moshi haukufika huko," na sahani zikaanza kurudi jikoni tupu.

Jumapili ya tarehe 9 Machi mwaka huu kaka alimwonyesha Mama ukuta wa nyuma, alikokuwa ameisugua rangi kwa pamba mpaka ikang'aa, kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi, kwa kuwa Mama alishamsimulia kwamba wanawake walipumzika wakiegemea pale. Mama akaweka kidole, akasema, "Mimi nilikaa hapa. Na wewe ulikuwa tumboni." Kaka aliinuka akaenda kunawa mikono, akakawia huko.

Kwa kawaida hapa ndipo tunaposoma kuugua kwake. Kaka hakuugua. Jumanne tarehe 11 Machi alikunywa chai, akaingia chumba cha nyuma kuendelea kulipaka paa kutu kabla ya kazi, wifi akamwambia anachelewa, akaitika "Nakuja," kisha wifi akasikia treni inazunguka tu, inazunguka tu. Alimkuta ameinamia meza, brashi mkononi, rangi mbichi. Daktari anasema ni moyo, moyo ambao hatukuwahi kumsikia kaka akiulalamikia, na daktari tumemuuliza tena na tena kana kwamba jibu lingebadilika.

Mama alikaa kimya tangu siku hiyo, nasi tukaogopa. Jana wifi alitaka binti mkubwa alimalizie lile paa, ndipo Mama akasema mbele yetu sote, "Liacheni. Nusu hii kaipaka mwanangu. Hiyo nyingine msiiguse." Hapo akalia kwa mara ya kwanza, nasi tukalia naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, jirani wa mlango wa pili aliyemkimbiza hospitali akiwa bado na kandambili miguuni, nanyi wafanyakazi wenzake, mlioniomba niwaambie wale ambao meno yao yangali mezani kwake kwamba yatamaliziwa wiki hii.

Kaka, hatukuwa tayari, na hata sasa tukikusoma hivi hatuko tayari. Lala kwa amani.