Pelagia Ponsian na Chanjo ya Siku ya Kwanza

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Majengo, familia imempa Optatus, kaka wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wake, nayo yanasomwa kama Pelagia mwenyewe alivyoagiza, kwamba ugonjwa utajwe kwa jina lake.

Pelagia Ponsian alizaliwa tarehe 14 Juni 1984 Kibaoni, Mpimbwe, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Rukwa, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ponsian na marehemu mama Marta, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kibaoni kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, hesabu akiwapita wavulana wote wa darasa lake, lakini hakuendelea, kwa kuwa mwaka uliofuata mama yake alianza kuvimba tumbo, macho yakawa ya njano, na Pelagia ndiye aliyemuuguza mpaka alipofariki tarehe 2 Oktoba 2000. Ukoo ulisema mama Marta amerogwa, kidole kikaelekezwa kwa shangazi Kalista, dada yake baba, naye akafunga mizigo akahamia Misunkumilo, ikapita miaka mingi bila mtu wa Kibaoni kukanyaga kwake.

Mwaka 2003 Pelagia alikuja Mpanda kujifunza ushonaji, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka hapa Majengo, na hata sare za kwaya mnazoziona leo ni kazi ya mikono yake. Tarehe 20 Septemba 2008 alifunga ndoa na Lucas Machibya, wakajaliwa Dorice mwaka 2010 na Maiko mwaka 2013, wote wakapata chanjo zao za kliniki.

Mwaka 2018, akiwa na mimba ya tatu, alipimwa damu akakutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na daktari akamweleza kwamba inaelekea alivipata wakati wa kuzaliwa, kwamba huenda ndivyo vilivyomuua mama yake, na kwamba mtoto wa mama mwenye virusi hivyo hatakiwi kungojea chanjo ya wiki ya sita, bali achanjwe siku ileile anayozaliwa, kisha aendelee na zile za kliniki. Pelagia alilia siku nzima, kesho yake akaenda Misunkumilo, akapiga magoti mbele ya shangazi Kalista, akamwomba radhi kwa niaba ya ukoo bila kusubiri ukoo ukae kikao.

Hospitali aliyokuwa akihudhuria haikuwa na chanjo hiyo ya siku ya kwanza, hivyo Lucas aliifuata Mbeya, akarudi na basi akiwa amepakata kasha la barafu, ikatunzwa kwenye friji ya hospitali. Jeniffer alizaliwa asubuhi ya tarehe 6 Februari 2019, na mama mkwe, Bi Masalu, akaomba mtoto aachwe kwanza, kwa kuwa hajawahi kuona kichanga mwenye nywele mbichi akichomwa sindano. Pelagia, akiwa bado kitandani, alimjibu taratibu, "Mama, mimi mama yangu alinipa ugonjwa huu bila kujua. Mimi najua. Naomba achomwe."

Bi Masalu mwenyewe ndiye aliyemshika mtoto paja.

Watoto wote watatu walikuja kupimwa, na hakuna aliyekutwa na virusi.

Pelagia alimeza dawa kila siku, lakini ini lilikuwa limeshapata makovu, na Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Shangazi Kalista alihamia hapa kumuuguza, akimwogesha na kumlisha uji, mpaka alipofariki tarehe 17 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Majengo, wanakwaya na mafundi wenzake. Ndugu zake wote wamepimwa, kwa kuwa Pelagia hakuwapa nafasi ya kukataa, na wawili wamekutwa na virusi. Optatus, anayewasomea haya, ni mmoja wao, na dawa ameshaanza.

Pelagia, mdogo wetu, umetutangulia ukiwa umetufungulia njia. Pumzika kwa amani.