Mama Burgl na Jerani Zilizopandwa Kabla ya Sofia

Tunaanza kwa kuomba radhi. Jarida hili lilipaswa kumuaga Bi. Walburga Stadler siku aliyostaafu, tarehe 30 Aprili, baada ya kuitumikia Idara ya Bustani ya Mji wa Rindlach kwa miaka thelathini na minane. Badala yake tumenyamaza hadi Juni. Hatukumsahau. Tulikuwa tukisubiri kuona kama maua yake ya mwisho yatapona, maana hakuna mhariri mwenye akili timamu ambaye angechapisha sifa za mtunza bustani huku bustani yenyewe ikiwa mahututi.

Bi. Stadler, ambaye mji mzima humwita Mama Burgl, alianza kazi kwa kuosha vyungu. Baadaye alikabidhiwa vitalu vya stesheni, kisha uwanja wa soko, na hatimaye bustani zote za mji. Ni yeye aliyeng'oa saruji mbele ya posta akapanda maua ya tulipu. Ni yeye pia aliyeyajaza madirisha ya ukumbi wa mji jerani nyekundu kila kiangazi, hata wapiga picha za harusi wakawa wanamsogeza bwana harusi pembeni ili maua yaonekane.

Mwaka mmoja, katika sherehe ya kusimamisha mlingoti wa Mei, ule mti mrefu uliopambwa wa kuukaribisha mwezi, farasi wa kiwanda cha bia walikula safu nzima ya tulipu. Mama Burgl hakuwagusa farasi. Alimwendea mwendesha mkokoteni.

“Farasi hawana kosa, wanajua kitu kizuri. Wewe je, baba, ulikuwa unachunga nini? Kikombe?”

“Nisamehe, mama. Nitalipa.”

“Utalipa samadi.”

Tangu hapo kiwanda huleta samadi kila Machi, na waridi za stesheni zimenawiri kupita adabu.

Hata hivyo, alisifika zaidi kwa ukali wake kuhusu Sofia Baridi. Kwetu, katikati ya Mei huja siku za Watakatifu wa Barafu, na wa mwisho wao ni Sofia, tarehe 15. Kabla ya siku yake, jalidi, ule umande ulioganda kuwa barafu, inaweza kurudi alfajiri yoyote na kuyaunguza maua ya kiangazi. Kwa hiyo hakuna anayeyatoa kwenye banda la vioo. Mameya wanne walimsihi apande mapema kwa ajili ya sherehe zao. Wote waliambiwa wakamwombe Sofia.

Mwaka huu kalenda ilimgeuka. Kustaafu kulikuwa Aprili, Sofia yuko Mei. Maua yake ya mwisho yangepandwa na mrithi wake, Severin Aigner, fundi mzuri ambaye, kwa maneno ya Mama Burgl, hupanda kama anayepanga viti ukumbini. Jambo hilo lilimuuma. Alitaka kiangazi kimoja zaidi kwa mikono yake mwenyewe. Na Aprili nayo ikaja na joto la kiangazi cha Julai: watu walivaa kaptura, nyuki walilewa, aiskrimu iliisha mjini kabla ya chakula cha mchana.

Siku mbili kabla ya kustaafu kwake, Severin alimkuta uwanja wa soko amepiga magoti, mkokoteni mzima wa jerani ukiwa kando yake.

“Bosi! Na Sofia?”

“Nimeongea naye.”

“Kasema nini?”

“Leta maji, acha maswali.”

Idara nzima ilishika kazi, ikicheka kama wanafunzi waliotoroka shule. Kufikia jioni mji ulikuwa mwekundu.

Tarehe 12 Mei redio ilitangaza jalidi. Mama Burgl, mstaafu ambaye hakuwa amemaliza hata wiki mbili, alifika uwanjani alasiri na mashuka yake yote mikononi. Hakumfokea mtu yeyote. Hilo ndilo lililotutisha. Meya Riederer alishindwa kujizuia.

“Mama Burgl! Miaka yote hiyo ulinikatalia mimi!”

“Nicheke kesho, baba. Leo lete blanketi.”

Yakaja mablanketi. Yakaja mapazia, vitambaa vya meza vya hoteli, maturubai ya zimamoto na aproni za bucha. Padre alileta kanzu za kwaya. Bi. Kreszenz wa duka la mikate aliufunika mraba wa maua ya begonia kwa gauni lake la harusi, akisema hatimaye limepata kazi ya maana. Mumewe alikuwa amesimama papo hapo, ameshika upande wa pili. Bendi ya zimamoto ilipiga muziki bila kuombwa na mtu.

Asubuhi mapaa yalikuwa meupe kwa jalidi. Tulifunua nguo moja moja. Jerani zilikuwa zimeinama, majani yamekunjamana. Mama Burgl alizimwagilia kila siku, na sisi tukaacha kuandika. Leo zimesimama na zinachanua. Zilizokufa ni chache, na Severin amejaza mapengo kwa mistari iliyonyooka mno.

Halmashauri imemwomba arudi kila Mei kusimamia upandaji. Severin ameunga mkono, kwa sharti moja.

“Arudi, ila ufunguo wa banda nakaa nao mimi.”

Mama Burgl ameomba muda. “Acheni kwanza nijifunze kukaa kitako,” alisema, akiwa amepiga magoti mbele ya posta, aking'oa magugu ambayo si yake tena.

Tunakushukuru, Mama Burgl, kwa kila dirisha na kila kona. Uwe na miaka mingi ya jua na magoti yasiyochoka. Nanyi wasomaji, siku atakapoamua, tutawaandikia siku hiyohiyo.