Mkono wa Kushoto Mfukoni

Ndugu, majirani na marafiki, kabla sijasoma wasifu wa marehemu naomba niseme jambo ambalo familia imelitafakari tangu Jumanne bila kupata jibu, na mimi niliye mdogo wake sidhani kama nitalipata: kaka yangu, aliyefungua amplifaya za gitaa maisha yake yote kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa mfukoni, alikutwa na mikono yote miwili ndani ya ile ya mwisho.

Kwa wasioijua kazi hiyo, amplifaya za zamani hutumia valvu za kioo, na ndani yake mna kapasita zinazotunza umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, umeme unaokaa kimya ukingoja, na fundi huficha mkono mmoja ili umeme ukimshika usipate njia ya kupita kifuani kwenda mkono wa pili.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni, kifungua mimba wa watoto watatu, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1977 hadi 1979, ambako mwalimu wa umeme alimtoa darasani kila mwanafunzi aliyesahau kuficha mkono. Aliajiriwa kwenye duka la redio mwaka 1980, na mwaka 1988 akafungua karakana yake katika chumba cha mbele cha nyumba hii. Hapo ndipo alipopewa jina la Mfuko, ambalo wengi walidhani ni la ubahili, naye hakujisumbua kuwasahihisha.

Tarehe 15 Desemba 1990 alimwoa shemeji yetu, mshonaji, ambaye tangu siku hiyo alimshonea nguo zote za kazi, mfuko wa kushoto ukiwa na kina zaidi kuliko wa kulia, na uzi wake ukipita mara mbili. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni fundi wa lifti na mpiga gitaa wa nyumbani.

Binti huyo ndiye aliyemfundisha baba yake, mwaka 2016, kunasa sauti za amplifaya kwa kompyuta, kwa ajili ya watu wanaorekodi ghorofani na hawawezi kuwaamsha majirani. Amplifaya hupewa milio ya majaribio, maikrofoni husikiliza mbele ya spika, na kompyuta hulinganisha kilichoingia na kilichotoka mpaka ijue kujibu kama amplifaya yenyewe. Alinasa nyingi, na nyingi ziliharibika muda si mrefu baadaye, hata mpiga gitaa mmoja wa bendi akawa anatania kwamba Mfuko akikunasa, andika wosia. Kaka alimjibu kwamba watu humkumbuka mpiga picha pale bibi akishaanza kukohoa.

Moja tu alikataa kuinasa. Aliinunua mwaka 1993 kwa warithi wa mpigaji aliyekufa akiwa ameishika, akaiweka chini ya meza ya kazi, uso ukielekea ukutani, na shemeji alipofagia, ufagio uliishia hatua moja kabla yake. Mwaka 2021 mikono ya kaka ilianza kutetemeka, daktari akasema ni mishipa ya fahamu na haitapona, akamshauri aache kazi. Aliahidi kuacha, ila kwanza ainase hiyo.

Jumanne tarehe 11 Juni 2024, alasiri, shemeji alisikia kupitia ukutani milio ya majaribio, halafu mvumo mzito, halafu swichi, halafu kigoda kikivutwa. Baada ya hapo hakusikia kitu. Plagi ilikuwa imechomolewa, chombo cha kumwagia umeme uliobaki ndani kilikuwa bado kimening'inia kwenye msumari, na kompyuta ilikuwa imemaliza kunasa. Daktari alisema moyo ulisimama papo hapo.

Binti yake anasema mkono wa kulia ulitetemeka na wa kushoto ukaenda kuusaidia. Shemeji anasema mtu huchoka kuogopa. Mimi simhukumu yeyote, wala lile sanduku la amplifaya, lakini siku nne limekaa juu ya meza mgongo wazi, watu wakipita ukumbini kwa ubavu, na wengine wakanong'ona kwamba linavuma. Niliwaambia ni friji, mpaka nilipokumbuka kwamba friji tulilipeleka kwa jirani ili kupata nafasi.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliofika haraka, majirani waliotupatia viti na vyumba vyao, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao siku zote hizi.

Jana tulikaa kikao. Shemeji alitaka lile sanduku litupwe kama lilivyo, mafundi wakasema atakayelibeba hivyo anacheza na roho yake, na binti akasema atalifungua yeye. Mama yake alimjibu, "Baba yako hata hatujamzika, nawe unapanga foleni?" Walibishana mpaka chai ikapoa, na ikaamuliwa kwamba umeme umwagwe, valvu zitolewe, lisiwashwe tena, na sauti yake iliyonaswa ibaki kwa binti peke yake.

Kazi hiyo ameifanya binti leo asubuhi, akiwa amevaa koti la kazi la baba yake. Mama aliuvuta mshono wa mfuko wa kushoto, akauvuta tena, akaushika mkono wa mwanawe na kuutia ndani kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akarudi nyuma mpaka mlangoni. Binti aligusa ndani kwa kile chombo cha kumwagia umeme, cheche ikatoka, ya buluu, ikalia kama kijiti kikavu kikivunjika. Umeme ulikuwa bado umo. Binti akangoja, akagusa tena, na safari hii hapakutoka kitu.

Pumzika, kaka, mikono yote miwili.